Mafurushi Mawili, Nyumbani Kumoja

Baba watoto,

Hatujambo. Bomba la jikoni bado linavuja, linakungoja wewe.

Ile programu tuliyoiandika ya kupanga saa za kupigiana simu nimeirekebisha. Zamani nilimimina furushi lako la mipangilio, kila jina na jibu lake, juu ya langu, na penye jina moja lako lilifunika langu kimyakimya. Sasa lugha yenyewe ya programu inaruhusu kufungua mafurushi yote mawili kwa amri moja. Nikajaribu, ikagoma, maana haikubali jina moja kuja mara mbili: jina “nyumbani” limo kote, na majibu hayafanani. Langu linataja mtaa wetu. Lako linataja mji huo uliko.

Ulibadilisha lini, mwenzangu?

Shemeji yako, mwenzangu wa kazini, ananicheka: “Futa mojawapo, ikubali!” Kwa mdomo ni rahisi.

Niambie wewe, nifute lipi?

Wako, wa mtaa uleule,
Mama watoto