Mgeni Aliyefichwa Moshi

Hirmata, Jimma
20 Hidar

Mpendwa mdogo wangu Nezif,

Hujambo wewe, na wifi yangu Hawi hajambo? Watoto je, wanakua au wanarefuka tu? Sisi huku tu wazima, ila magoti yangu yanalalamika kila nikipanda kile kilima cha sokoni, na kifua cha Mama bado hakijatulia. Nasikia baridi ya huko kwenu inaingia hadi kwenye mifupa. Vaa soksi mbili, usijifanye mwenyeji.

Mvua zimekwisha na kahawa imeiva. Mwaka huu imezaa mpaka matawi yameinama, na shamba la marehemu Baba linachumwa na watoto wa jirani yetu Temam. Nitakuwekea iliyokaushwa juani, si hiyo mnayouziwa huko kwenye makopo.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza. Juzi uliniuliza kwa nini binti yangu Lubaba amefeli. Nikaanza kukueleza, ukaniambia basi dada, yote mipango ya Mungu. Nilikasirika nikakata simu, na ukidhani ni mtandao, haukuwa mtandao. Mpwa wako hakufeli. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Unajua kwamba utafiti wake ulihusu moshi wa majikoni, na kama ndio unaowamaliza wanawake wetu kwa maradhi ya kifua. Ofisi ya afya ya mkoa ilikuwa ikingoja majibu yake ili iamue kama itagawa vijijini majiko yenye bomba la kutolea moshi, au itaachana na mpango huo. Kwa miaka miwili wasaidizi wake walizunguka nyumba kwa nyumba. Walitundika kipimo ukutani karibu na mafiga, wakakiacha siku mbili kiandike uchafu wa hewa saa kwa saa, kisha wakakihamishia nyumba nyingine. Wenye nyumba waliambiwa waendelee na shughuli zao kama kawaida.

Nezif, wewe umelelewa na Mama. Hebu niambie, ni nani kwetu anayepokea mgeni kama kawaida?

Majibu yalipoanza kutoka, ikaonekana hewa ya nyumba zetu ni safi. Profesa wake, bwana mmoja anaitwa Wondwosen, alifurahi sana. Alisema bila shaka mapaa ya nyasi hupitisha moshi, na kwamba huo ni ugunduzi. Wakubwa wa ofisi ya afya walifurahi kumzidi, maana sijapata kumwona mkubwa anayechukizwa na habari kwamba hakuna kazi ya kufanya. Siku ya kuwasilisha ikapangwa. Mimi nikanunua kondoo na gauni nikapeleka kwa fundi.

Lubaba peke yake hakufurahi. Alikaa sebuleni kwangu na michoro yake, hali, halali. Asubuhi mchoro umelala, jioni umelala, ila alasiri unaruka juu mara moja, halafu unalala tena, na ni hivyo hivyo nyumba baada ya nyumba. Akaniuliza, “Mama, hawa watu hawapiki? Wanakula nini?” Nikamjibu labda wanadoea kwa majirani. Nilikuwa natania, lakini yeye hakucheka.

Zilikuwa zimebaki nyumba chache tu za kupimwa, ya Mama ikiwamo. Basi siku moja akaenda kijijini bila kumwambia mtu. Mvua ilikuwa ile kubwa ya mwezi wa Nehase, unaijua. Alimkuta bibi yake nyuma ya nyumba, amejifunika nailoni kichwani, anachochea kuni mbichi chini ya kikaango cha mikate ya injera huku anakohoa mpaka anashika ukuta. Ndani hakuna hata jivu la moto. Sakafu imesiribwa na kutandazwa majani mabichi kama siku ya Idi, na kipimo kiko ukutani kimekaa kifalme.

Alipomuuliza anafanya nini nje kwenye mvua, Mama akamjibu kwa kumshangaa: “Ndani kuna mgeni. Unataka nimfukize kama nyuki?”

Na ule mruko wa alasiri ukajieleza wenyewe. Saa ya kahawa ilipofika, Mama aliingia ndani na makaa machache, akakaanga kahawa yake, kisha akanyanyuka na kikaango kinachofuka, akakipitisha taratibu mbele ya kipimo ili nacho kinuse, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote. Ndivyo walivyofanya wanawake wote. Kidude kile kimenuseshwa kahawa katika vijiji vitatu, na hakuna aliyethubutu kukipikia chakula mbele ya uso.

Ungedhani ni kichekesho, na mimi nilicheka aliponisimulia. Lakini kulikuwa na jingine. Sokoni walikuwa wamekwisha kuambiana kwamba kile chombo ni mkaguzi, kwamba kinawaandikia wakubwa jinsi nyumba za kwao Lubaba zilivyo, na kikikuta moshi binti yetu ataaibika mbele ya wasomi wenzake. Kwa hiyo walikuwa wakimsitiri. Walipika nje misimu miwili ya mvua, wengine na watoto mgongoni, kwa ajili yake. Lubaba aliketi kwenye yale majani akalia, hata Mama akadhani tumefiwa.

Mficha uchi hazai, tunasema, lakini hawa hawakuwa wakijifichia wenyewe. Hilo ndilo lililomchoma.

Profesa alimwambia awasilishe hivyo hivyo, ahitimu, mengine atayarekebisha baadaye. Alisema hakuna atakayekwenda kukagua mafiga ya watu. Na mimi, Nezif, sikukimbilia kumpinga. Wenzake aliosoma nao wana watoto walioanza shule, yeye bado anabeba mkoba wa mwanafunzi. Nilitaka kumwona amevaa joho. Nilimwambia afikiri vizuri, na kwa sauti yangu alijua nataka afikirie nini.

Akanijibu, “Nikinyamaza, Mama, itaandikwa kwamba moshi wa Bibi haupo. Nani atakuja tena kuuliza?”

Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku ya mkutano alisimama mbele yao wote, akawaambia hesabu zake ni sahihi lakini nyumba alizopima si nyumba tunazoishi. Alisema, “Nilipima adabu, sikupima moshi.” Mkubwa mmoja akacheka, akauliza kama serikali ingoje mpaka wanawake wakose adabu. Lubaba akamjibu kwa upole kwamba anaomba mwaka mmoja tu. Wakampa, kwa kununa. Uamuzi wa majiko ukaahirishwa, na shahada yake ikaahirishwa pamoja nao. Hiyo ndiyo habari iliyokufikia huko kwamba amefeli. Kondoo tulimchinja vilevile, maana alikuwa ameanza kula maua yangu.

Sasa kazi ikawa kuwashawishi wanawake wapike mbele ya mgeni. Lubaba aliwakusanya akawaambia, mgeni njoo, mwenyeji apone, ila huyu hawezi kumponya mtu anayemficha ugonjwa. Wengi walielewa. Aliyegoma ni mama yetu. Unamjua akigoma. Alisema hajapata kumwacha mgeni peke yake ndani ya moshi na hataanza uzeeni, labda mwenye mgeni akae naye. Lubaba akakubali, na wiki iliyopita nikafuatana naye.

Mama alifunga mlango kama alivyozoea, akawasha kuni, akaanza kumimina injera. Mimi nilitoka kabla hajamimina ya pili, sina haya kusema. Lubaba alijikaza, machozi yanamtiririka, mwisho naye akatoka mbio akatapika mgombani. Mama aliendelea mpaka unga ukaisha. Tulimsikia kutoka nje akikohoa, akipumzika, akimimina nyingine.

Ndani ya kipimo kile mna kikaratasi cha duara kinachonasa vumbi la moshi. Kikiwekwa huwa cheupe kama maziwa. Lubaba alikifungua pale mlangoni, na kilikuwa cheusi tititi. Mama akakiomba, akakiweka kwenye kiganja akakitazama. Akauliza ni cha siku ngapi. Lubaba akamwambia ni cha leo asubuhi.

Mama akapeleka mkono kifuani. “Na humu?” akasema.

Mtoto wangu amelisoma jambo hilo miaka yote hii, na jibu analijua. Akamshika tu bibi yake mkono. Nami nilikuwa pale na sikumsaidia.

Basi sasa unajua. Mpigie simu mpwa wako, na tafadhali usimpe pole. Mpe hongera kama ungempa angekuwa amevaa joho. Anarudia nyumba zote, na amekonda.

Msalimie sana Hawi, nawe uwabusu Iftu na Remedan, uwaambie shangazi yao ana meno yote bado. Temam anakusalimu na kukukumbusha viatu ulivyomwahidi. Mungu akufungulie mlango wa kuja nyumbani ukiwa na afya, nasi utukute hapa hapa.

Mama naye anakusalimu. Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema umwombee Lubaba amalize kupima upesi, wakati yeye bado anaweza kuwasha moto.

Dada yako asiyeacha kukupenda hata akikukatia simu,

Shemsia