Yule Mweupe Simtumi

Mwanangu,

Umening'ang'ania nikutumie yule mtoto wa mbwa mweupe, eti picha imekupendeza. Yeye na ndugu zake walipolala nilipiga sufuria nyuma yao. Wenzake waliruka, yeye akaendelea kukoroma. Daktari wa mifugo kathibitisha ni kiziwi. Hafai kuwinda, wala hatazalishwa, asije akarithisha. Mama yao naye simpandishi tena kwa dume lile, hata ukininunia.

Nakutumia jike la kahawia. Macho yake maangavu, anakula vizuri na anakimbia bila kuchechemea.

Mweupe nimempa baba yako. Tangu kile kiharusi hajatamka neno. Anainua mkono tu, mbwa anamjia mbio. Jana alipoinuka, mbwa akakikalia kiti chake. Baba yako akacheka. Kwa sauti, mwanangu. Nikaacha mboga ziungue.

Mama yako