Mimi ni O, Binti Yetu ni AB

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, nimeivuruga nyumba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Naitwa Gi-seok, fundi wa lifti hapa Gwangju, damu yangu ni O, ya mke wangu Sun-ae ni AB, na binti yetu Da-on alipopimwa kwa ajili ya chekechea ikatoka AB, nami tangu shuleni nilifundishwa kwamba baba wa O hazai mtoto wa AB, basi nikamuuliza Sun-ae mezani, mtoto akiwa na kijiko mdomoni, "Baba yake nani?" naye hakulia wala hakubisha, alisema tu, "Kesho twende hospitali, wote watatu."

Huko mpimaji wa maabara, Bi Maeng, akatuchorea, akasema kila chembe nyekundu ya damu imeota vinyweleo vya sukari, na kuna kimeng'enya kinachobeba sukari moja na kuibandika kwenye ncha, cha A kina sukari yake, cha B yake, changu mimi wa O hakibandiki kitu, mtu wa AB kwa kawaida ana viwili na humpa mtoto kimoja tu, lakini cha Sun-ae, kwa tofauti ndogo sana aliyozaliwa nayo, kinabandika zote mbili, na hicho kimoja ndicho alichomrithisha mtoto. "Ni wako, baba Da-on," akasema, akatupa karatasi ya kipimo cha vinasaba. "Watu hawa ni wachache, ila mkoani kwetu tunawaona." Kumbe kazi ile inafanyika ndani ya mke wangu mara zisizohesabika, na mimi miaka saba nalala ubavuni pake sijui.

Sun-ae akasema, "Karatasi umeiamini. Mimi hukuniamini." Yuko kwao Mokpo na mtoto, wiki ya tatu sasa. Kila siku namwandikia kuhusu maajabu ya kimeng'enya chake, hajibu. Nifanyeje?

Gi-seok,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliweka kikombe chini nikautazama mkono wangu kama mgeni. Ni ajabu kweli, sikulaumu kwa kushangaa.

Lakini bwana, mkeo hakuondoka kwa sababu hukujua sukari inavyobandikwa. Unamtumia masomo ya nini? Yeye alimjua baba wa mtoto kabla Bi Maeng hajashika kalamu.

Acha kuandika. Jumamosi panda basi uende Mokpo. Wainamie wakwe zako mpaka paji la uso liguse sakafu, kisha mwambie Sun-ae, wao wakisikia: "Nilikudhania vibaya, nawe hukunikosea." Ishia hapo. Hospitali usiitaje. Da-on akikukimbilia mbebe, ila usimfanye ngao. Ukifukuzwa, ondoka kwa adabu, urudi Jumamosi inayofuata.

Hayo maajabu ya damu yake utayasema siku atakayokuuliza yeye.