Ukiwa Nini, Mama Fidelis?

Mama Fidelis,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti yako ya kiualimu, jirani akachungulia akidhani nimeanza tena kulewa uraka.

Sijaanza. Ila Alhamisi nilikaribia.

Tangu tukuzike, kikundi chetu cha Mtakatifu Inyasi wa Loyola kimepoa kama chai ya msibani. Tunakaa ukumbini parokiani, tunaipitia siku kama ulivyotufundisha, kila mtu aseme wapi amemwona Mungu na wapi amemkimbia. Hakuna anayesema. Hata mimi! Mimi ninayeshusha Fuso la korosho mteremko wa Newala mpaka Masasi huku nawatania trafiki, nimekosa neno. Kiti chako kinatutazama tu.

Basi Alhamisi Mzee Valeriani, katekista, akasimama. "Tukifunge kikundi. Bila mama hatuwezi. Anayekubali anyooshe mkono."

Watu wanalia, mikono inapanda. Na wangu, mama. Ulishafika usawa wa sikio, huku najua kabisa: kikundi kikifa, mimi kabla msimu wa korosho haujaisha nitakuwa kilabuni.

Ndipo nikakumbuka yale maandishi yako ubaoni: UKIWA: USIBADILI UAMUZI. Mimi na darasa la saba langu nikadhani umesahau kumalizia. "Ukiwa nini, Mama Fidelis? Ukiwa na njaa? Ukiwa umelewa?" Ulicheka mpaka ukavua miwani. "Ukiwa ni ukiwa, Baba Shukuru. Moyo kubaki gofu. Utaujua siku ukikufika."

Kumbe ndio huu.

Nikashusha mkono. "Mzee, leo hatufungi."

"Kwa nini?"

"Ukiwa."

"Ukiwa nini? Maliza sentensi, dereva!"

Hakuna aliyecheka. Nikamwonyesha kiti chako. "Ukiwa wenyewe ndio ule, umekaa pale, mzee. Tukiamua leo, ulioamua ni ukiwa, siyo sisi."

Mikono ikaanza kushuka. Mama Anjela akafuta machozi, akasema, "Tungoje, jamani." Mzee akachukua kofia yake akatoka. Hata kwaheri hakutupa, na ufunguo wa ukumbi anao yeye.

Kesho ndiyo Alhamisi nyingine. Sijui kama atakuja. Nimekataa mzigo wa Tandahimba ili niwepo, tajiri amenitukana. Akija, nitamwamkia kwa magoti. Asipokuja, tutakaa barazani. Nakuahidi nitaanza mimi, na bila utani: nitasema nilimwona Mungu kwenye mkono wangu mwenyewe, pale ulipokuwa unashuka.

Pumzika, mama yangu. Ile sentensi yako sasa naimalizia mimi:

Ukiwa mbele zake, usitusahau.

Mwanao wa kelele,
Baba Shukuru