Supu ya Ng'ombe Aliyeguguna Mifupa

Mjukuu wangu Mbeyu,

Shikamoo yako imenifika huku Kinango, marahaba. Mamako hajambo, yuko kazini Diani. Babu yako nyonga haijaunga, bado amelala.

Waniuliza kama supu ya mifupa ninayompa ina madini, maana mwalimu wenu wa lishe asema ni kidogo mno. Mimi sina kipimo. Nakumbuka tu mwaka mmoja wa ukame, nikiwa msichana, ng'ombe wetu wa mwisho alianza kuguguna mifupa mikavu ya wenzake waliokufa. Sisi watoto tulimcheka. Mama hakucheka. Alisema, "Mwili wake umekosa chumvi, anaitafuta kwa wenzake."

Alipolegea, baba alimwahi kwa kisu kabla hajafa. Mama aliichemsha mifupa yake kutwa nzima, akatia ukwaju ili itoe kilichomo. Supu ikabaki nyepesi kama maji. Alitugawia, yeye hakunywa. "Alichokikosa mwenyewe," alisema, "atatupaje sisi?"

Supu naendelea kumpikia babu yako, na anainywa yote. Lakini siku hizi amekuwa mwepesi, namgeuza kitandani peke yangu, wala sichoki. Usingoje likizo ndipo uje, mjukuu wangu.

Bibi yako