Mabomba ya Udongo

Katandala, 9 Oktoba 1994

Jovina binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, meno yote yapo. Mama yako je, miguu inamsumbua bado huko Kirando? Mwambie chumba kipya tayari, bafu na choo humohumo, hatatoka tena nje kwenye baridi. Imebaki kulaza mabomba ya maji machafu chini ya ardhi. Fundi Wilibrodi ananiambia ninunue ya plastiki, eti tangu biashara iachiwe huria yamejaa madukani. Nikamcheka. Babu zangu waliyeyusha chuma Ufipa hii, mabomba ya kupitisha upepo tanuruni walifinyanga wenyewe. Na mimi nafinyanga. Nani anishinde udongo? Nikimaliza namfuata mama yako.

Baba yako Beda, naandika mwenyewe, sikuandikiwa.

Kirando, 2 Novemba 1994

Baba, shikamoo.

Huku tupo, dagaa wanakauka, ila mama miguu imevimba hadi magotini. Baba, tanuru lilipitisha upepo, bafu linapitisha maji. Mwachie Wilibrodi kazi yake. Mama yuko hapa anacheka, anasema niandike hivi: "Mwambie huyo mfua chuma sikuomba bafu. Niliomba anifuate."

Mwanao Jovina

Katandala, 11 Desemba 1994

Jovina,

Salamu. Mimi ngangari. Mama yako anaendeleaje? Mvua imeanza. Maungio niliyoziba kwa udongo yamelainika kidogo, maji yakapenya chini ya ukuta, ukuta umelala. Umelala tu, haukuanguka. Wilibrodi alikuja akasimama ukingoni mwa mtaro, akautazama ukuta. Nikamfukuza kwa kutazama kwake. Nafukua, nachoma mabomba mengine kwa moto mkali. Mama yako asubiri. Simleti mke wangu kwenye ukuta uliolala, watu wakasema Beda kashindwa.

Baba yako

Kirando, 8 Januari 1995

Baba, shikamoo.

Pole, baba. Mama tumemzika jana. Alipozidiwa nilimtuma dereva wa lori la dagaa akuchukue. Amerudi peke yake. Anasema alikukuta mtaroni, akakwambia mkeo yu mahututi, ukamjibu angoje uunge bomba la mwisho. Akangoja mpaka mawingu yakafunga, akaogopa barabara kukatika, akaondoka. Mama aliuliza kama lori limefika. Nikamwambia bado.

Jovina

Katandala, 29 Januari 1995

Jovina mwanangu,

Barua nimeisoma. Nikampa jirani naye aisome, labda macho yangu yamekosea. Imesema vilevile.

Wilibrodi amekuja na yale ya plastiki. Kayalaza kabla ya saa sita, sikumzuia. Nimemwaga ndoo nzima bafuni, nikakaa mlangoni nasikiliza. Maji yanakwenda.

Njoo wewe basi, hata wiki moja. Ukiona huwezi usiniandikie, nitaelewa.

Baba yako

Katandala, 3 Aprili 1995

Jovina,

Salamu. Madereva hawa wanaobeba barua zetu hawaaminiki, naona ile yangu ya Januari wameipoteza. Basi narudia. Chumba kipo, ukuta nimeujenga upya, umesimama wima kuliko wa kanisa. Njoo.

Baba yako