Makochi Mekundu ya Shokishoki

Jumamosi, 10 Januari
Chai peke yangu tena. Sukari imezidi. Siku ya nne leo tangu mke wangu, Bi Mwanaidi, abebe mkoba wake kwenda kwa mama yake Kizimkazi. Kasusa. Sababu makochi.

Niliyanunua kwenye hoteli iliyofungwa, bila ya kumuuliza. Mekundu ya ganda la shokishoki, hayana haya hata kidogo. Mimi nimepika melini miaka kumi na moja, nimekanyaga Maskati, Durban na Mumbai. Kitu kizuri nikikiona nakijua. Ila ukuta wetu una chokaa ya kijani ya enzi za marehemu baba. Sebule imekuwa bendera ya nchi isiyokuwepo.

Neno lake la mwisho mlangoni: "Siku nitayoweza kukaa humu bila ya kuumwa kichwa, ndiyo nitayorudi."

Makochi hayarudishiki. Basi utahama ukuta.

Jumapili, 11 Januari
Sokoni Darajani. Muuza rangi kanikunjulia kadi nzima. Wengine huhangaika siku tatu, mimi dakika moja: manjano ya embe bivu. Jicho la kimataifa. Ndoo mbili, rangi ya plastiki.

Uchochoroni nimekutana na jirani yetu Mzee Haji, fundi wa nyumba za mawe. Kaitazama ndoo. "Ukuta wa chokaa unapumua, mwanangu. Usiuzibe pua."

Nikamwambia nshapaka meli, mzee.

"Meli haipumui."

Nimecheka. Nimepaka mpaka magharibi. Pazuri ajabu.

Jumanne, 13 Januari
Malengelenge. Ukuta mzima kama mtu aliyemwagiwa uji wa moto. Maji ya vuli yamo ndani ya mawe, yamekosa pa kutokea. Nimetoboa lengelenge moja kwa kidole. Tone la maji, halafu ganda la manjano likaanguka juu ya kochi.

Shemeji kapiga simu. Ijumaa baada ya sala Mwanaidi anakuja na mama yake kuangalia. Pakimchukiza, Ramadhani anafunga kwao.

Nimefuturu peke yangu baharini miaka mingi. Sitaki tena. Naogopa. Nshaandika.

Jumatano, 14 Januari
Nimempa Mzee Haji shikamoo kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Pua imeziba?"

Hakunisimanga zaidi ya hapo. Mtu mzima.

Tumekwangua tangu asubuhi. Manjano imetoka, na kijani cha baba kimetoka nayo vipande vipande. Mzee ana pipa la chokaa, kairoweka miezi. Nyeupe tu, kasema. Nimenyong'onyea. Nyeupe! Kama zahanati!

Saa nne tumepumzika, tukala shokishoki. Nimemenya moja nimekaa pale pale kwenye kochi. Ganda jekundu lenye manywele, ndani nyama nyeupe. Nikatazama tunda, nikatazama kochi. Sijasikia mtu akilalamika kuwa shokishoki rangi zake haziendani.

Nimemtangazia Mzee kuwa nimegundua. Kanijibu, "Hongera."

Kweli nyeupe kaitaja yeye kwanza. Lakini sababu nimeileta mimi.

Alhamisi, 15 Januari
Tumeulowesha ukuta, halafu tukapaka. Masikini mimi. Inaonekana kama maji yaliyooshewa mchele. Kila doa linachungulia. Nimepiga ukelele.

"Tulia weye! Chokaa huwa nyeupe ikishakauka."

Simwamini. Sina mwengine wa kumwamini.

Ijumaa, 16 Januari
Nyeupe.

Nimefungua dirisha asubuhi, nyeupe ukuta hadi ukuta, na makochi yametulia kama wageni waliokwishakaribishwa. Nimekaa chini nikacheka peke yangu. Alhamdulillahi.

Wamekuja. Mama mkwe kaitikia shikamoo yangu akenda moja kwa moja kukaa. Mwanaidi kasimama kizingitini, mkoba mkononi. Nilikuwa na hotuba. Imenipotea. Kauliza nani kachagua rangi. "Mimi" ilishafika kwenye ncha ya ulimi. Nikasema Mzee Haji.

Kaegemea ukuta kutazama, baibui likashika chokaa begani. Nikangoja. Kajipangusa, kauweka mkoba chini.

"Mara nyengine uniulize."

Naam, Bi Mwanaidi.

Mama mkwe kasinzia kwenye kochi jekundu, mdomo wazi. Jikoni nasikia vijiko. Chai ya leo sukari yake ina kipimo.